Mtupo Nilioukataa Ruiru

Jumamosi iliyopita nilienda kutazama mazoezi nikiwa nimevaa viatu vya kanisani, makusudi, ili nisishawishike kuingia uwanjani. Haikusaidia. Muda si muda nilikuwa nimekaa, nimesimama, nimekaa tena, nimezunguka benchi na kumfokea refa ambaye hata hakuwepo. Yule msichana mpya aliyechukua nafasi yangu, Shiko, akanijia kwa adabu zake zote akasema, "Auntie, si ukae tu chini? Unanipea presha." Nikakaa. Kisha nikaona afadhali niende nyumbani Makongeni nianze kuandika haya, maana mikono yangu haijui kukaa bure.

Nimestaafu uwanjani tu. Kiwandani bado nipo, napakia mashuka kama kawaida, na goti linanikumbusha kila nikipanda ngazi. Kwa miaka yote niliyochezea timu ya wanawake ya kiwanda chetu hapa Thika, nafasi yangu ilikuwa moja: pointi gadi, yule anayepandisha mpira kutoka nyuma na kuamua nani aupate. Vikombe na mambo ya nani alifanywa nahodha lini sitayaandika. Vikombe viko ofisini vinakula vumbi, nendeni mkaviangalie. Mimi nataka kuwaandikia ninyi mnaoshika nafasi hiyo sasa habari za dakika za mwisho, kwa sababu hapo ndipo mtalaumiwa.

Niliingia kwenye mpira wa vikapu kwa sababu ya kutotulia. Msimamizi wangu alichoka kunikuta kila mahali isipokuwa kwenye meza yangu. Siku moja alinilalamikia mbele ya Barasa, fundi wa mitambo aliyekuwa akifunza timu jioni baada ya kazi. Barasa alikuwa Mluhya mrefu, mpole, anayeongea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Alinitazama nikicheza na kamba ya katoni, akamwambia msimamizi, "Huyu niachie mimi. Miguu yake inatafuta kazi."

Siku ya kwanza alinipa mpira akaniambia nizunguke uwanja nikiudunda, bila kuutazama.

"Haya, unaona nini?" akauliza.

"Naona watu wanacheza."

"Hiyo hata mimi naona. Nani amechoka?"

Nikatazama. Kulikuwa na dada mmoja ameshika magoti, na mwingine amenuna kwa sababu hakupewa mpira. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema yule aliyechoka asipewe mpira akiwa mbioni, na yule aliyenuna apewe upesi kabla hajaharibu mambo. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na kwa wiki nyingi lilikuwa la pekee. Alinikataza kutupa mpira kwenye ringi kabisa. Nilikuwa naenda nyumbani nimevimba kwa hasira.

Mara nyingi aliniambia, "Nyambura, mchezo wote ni wa kila mtu. Dakika mbili za mwisho ni zako."

"Na tukishindwa, Kocha?"

"Hizo pia ni zako."

Vifaa vyetu mnavijua, maana vingine ndivyo mnavyotumia hadi leo. Mpira uliosuguliwa na sakafu ya saruji mpaka ukawa laini kama kipara. Viatu vya mtumba, ambavyo ukibahatika vyote viwili vinakuwa na saizi moja. Viwanja vingi tunavyochezea havina saa ukutani, wala taa. Muda unawekwa na mtu mezani, ana simu au saa ya mkononi, na anapaza sauti dakika zikiisha. Kwa hiyo pointi gadi wa huku kwetu hubeba saa kichwani. Ukikosa hiyo, mashabiki watakubebea yao. Wale wa Ruiru ni mafundi wa jambo hili: ukiwa umeshika mpira na bado una muda wa kutosha, wanaanza kuhesabu kwa pamoja, "Tano! Nne! Tatu!" Nimemwona gadi mgeni akitaharuki na kuurusha mpira kutoka katikati ya uwanja, ukapita juu ya ua na kuangukia kwa muuza mahindi ya kuchoma. Yule mama aliurudisha bila haraka yoyote. Ninyi sikilizeni meza peke yake.

Mvua nayo ina masharti yake. Uwanja wa saruji ukinyeshewa, unafagiwa, lakini chini ya ringi na pale pembeni penye bonde kidogo maji hubaki. Kabla mchezo haujaanza tembeeni uwanja mzima mkiburuta kiatu, mjue wapi pana utelezi. Watu watacheka, waacheni wacheke.

Sasa nije kwa Kemunto, maana bila yeye sina cha kuandika.

Kemunto alikuwa mshonaji kiwandani, Mkisii aliyekuja Thika kumfuata kaka yake, akapanga chumba mtaa wa Landless. Alikuwa msichana mkimya, mwembamba, na alikuwa akitupa mpira kutoka mbali vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kucheza naye. Mpira ukitoka mikononi mwake, mimi nilikuwa naanza kurudi nyuma kukaba kabla haujaingia. Na alikuwa Msabato. Ijumaa jua likizama alikuwa ameshapika, ameshafua, ameshapiga pasi nguo, na tangu hapo mpaka jua la Jumamosi lizame hakugusa kazi wala mpira. Mechi zetu zilikuwa za Jumapili, kwa hiyo jambo hilo halikutusumbua. Sisi wengine ndio tulikuwa tunatoroka misa.

Ikaja mechi ya mwisho ya msimu ule. Tulikuwa karibu na mkia wa ligi, tunacheza na Ruiru kwao. Kiwanda kilikuwa kimetuambia wazi kwamba timu ikishuka daraja, hakuna tena ruhusa ya kutoka mapema kwa mazoezi, na bila ruhusa hiyo hakuna timu. Msichana anayetoka zamu usiku hawezi kufanya mazoezi. Kwa hiyo tukishindwa, tumekwisha. Mimi nilikuwa sijui ningefanya nini na jioni zangu. Nasema kweli, niliogopa.

Siku tatu kabla ya mechi, tukaambiwa uwanja umechukuliwa Jumapili na kanisa fulani lenye mkutano wa hema. Mechi imesogezwa Jumamosi alasiri.

Kemunto alimwendea Barasa. "Kocha, unanijua."

"Nakujua," Barasa akasema.

Nahodha wetu, Wairimu, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. "Kemu, kwani Mungu wako hawezi kuelewa siku moja tu? Sisi tukifutwa timu utaenda kumwambia nini?"

"Mungu ataelewa," Kemunto akajibu. "Mimi ndio sitaelewa."

Wairimu akarusha mikono juu. "Ngai! Basi hata vaa jezi ndani ya gauni, jua likizama unavua tu gauni unaingia."

"Na hiyo jezi nitakuwa nimeivalia nini kanisani?"

Barasa akaamua: jina la Kemunto litaandikwa mezani pamoja na yetu, maana kanuni zinamruhusu mchezaji aliyeandikwa kuingia hata akichelewa. Ijumaa mchana Kemunto alinikabidhi begi lake. Jezi ilikuwa imekunjwa, kamba za viatu zimeshapitishwa kwenye matundu, maji yamejazwa kwenye chupa. Jumamosi angeabudu na Wasabato wenzake wa Ruiru, kisha angekuja kungoja nje ya ua wa uwanja. Nilihesabu kichwani. Mechi ingeanza saa tisa na ingeisha jua likiwa juu bado. Begi lile nililibeba kama mtu anayebeba mwavuli wakati wa kiangazi.

Lakini Jumamosi ilinyesha. Ilinyesha wakati tunavaa viatu, ikanyesha wakati waamuzi wakinywa chai, na ilipokatika, timu zote mbili zilishika mafagio na matambara kukausha uwanja. Sijawahi kufagia polepole vile. Wairimu alidhani nimeumwa. Mpaka mchezo kuanza, ilikuwa imekaribia saa kumi na moja, na mimi nilikuwa nimeanza hesabu mpya: labda jua lingezama kabla hatujamaliza.

Kipindi cha pili tulishambulia ringi ya upande wa magharibi. Nyuma ya ringi ile kuna ua wa nyaya, na nje ya ua kuna jiwe kubwa. Kemunto alikuwa amekuja, amekaa juu ya jiwe lile na gauni lake jeupe, ametupa mgongo na kutazama jua. Hakugeuka hata mara moja. Kwa hiyo kila nilipopandisha mpira niliona ringi, nikaona mgongo wa Kemunto, na mbele yake jua likishuka taratibu kama mtu asiye na shughuli.

Mimi ni mtu wa mbio. Kasi ndiyo iliyoniweka kwenye timu. Robo ya nne nzima nilicheza mchezo usio wangu: ili Ruiru wasituache mbali, nilipandisha mpira kwa kutembea, nikapiga pasi tano mahali pa mbili, nikangoja mpaka meza ipaze sauti ndipo nikaruhusu mtu atupe. Refa akipiga filimbi na saa kusimama, kamba ya kiatu changu ilikuwa imefunguka, ili jua lipate nafasi ya kushuka. Mpira ukitoka nje, niliufuata mwenyewe, kwa heshima zote. Refa akaniambia, "Madam, leo una miguu mizito." Nikamwambia ni mvua. Ndani yangu kila mshipa ulikuwa ukipiga kelele nikimbie. Sijawahi kuteseka uwanjani kama nilivyoteseka kwa kwenda polepole.

Tatizo la kwenda polepole ni kwamba hufungi sana. Tulibaki nyuma, mara pointi nne, mara mbili. Ruiru walikuwa na mrefu wao chini ya ringi, na bila Kemunto hapakuwa na mtu wa kumtoa pale. Mabeki wao walijua hakuna wa kuwaumiza kutoka mbali, basi wote walijikusanya katikati.

Zikabaki sekunde kama ishirini. Mpira ni wetu, tuko nyuma kwa pointi mbili. Barasa akaitisha taimauti, mchezo ukasimama kidogo. Wasichana wote wakamtazama yeye, naye akanitazama mimi.

"Dakika zako hizi," akasema.

Wairimu akanishika jezi. "Piga thrii, Nyambu. Ama nipee mimi. Tumalize hii kitu twende home."

Nikatazama ng'ambo ya ua. Jua lilikuwa limegusa mapaa.

Tulirudi uwanjani. Nikapokea mpira, nikaanza kuudunda juu ya mstari wa pointi tatu. Mashabiki wa Ruiru wakaanza nyimbo zao, "Tano! Nne!" ingawa sote tulijua si kweli. Nikakata kulia kwa ghafla, na gadi aliyenikaba akakanyaga lile bonde lenye maji. Akaanguka chini mzimamzima.

Nikabaki peke yangu. Hakuna mtu mbele yangu, miguu imetulia, mikono mikavu, ringi imenitazama. Thrii ile niliipiga kila jioni kwenye mazoezi, na mara nyingi iliingia. Ikiingia tumeshinda kwa pointi moja na timu imepona. Ikikosa, basi, hadithi imeisha. Nami nilijua jambo ambalo watu wote pale walikuwa wamelisahau kwa sababu walikuwa wakitazama ringi: pointi mbili zingetosha kusawazisha, kusawazisha kungetupa dakika tano za nyongeza, na kabla dakika hizo hazijaisha jua lingekuwa limezama.

Nikaendelea kuudunda mpira palepale na sikutupa.

Mniamini, sekunde ile ilikuwa na kelele zake. "Piga!" benchi letu likalia. "Piga, wewe!" Mashabiki wetu waliotoka Thika wakaruka wakasimama. Mzee mmoja akaniita jina ambalo sitaliandika. "Huyu anangoja nini? Amerogwa?" Nikasikia na sauti ya Wairimu ikipasuka, "Nyambura, uko wazi! Uko wazi!" Yule gadi akaanza kuinuka. Nikangoja kidogo tena, mpaka sauti ya meza ikaniambia kwamba hakuna atakayepata nafasi ya kujibu, kisha nikaingia katikati, kule kwenye watu, moja kwa moja kwa yule mrefu. Aliruka mapema. Nikauinua mpira juu ya vidole vyake, ukagonga ubao, ukazunguka ringi kwa namna ya kumtoa mtu roho, ukadumbukia ndani. Filimbi ikalia papo hapo.

Hakuna aliyenikumbatia. Wairimu alinijia uso kwa uso, machozi yanamlengalenga. "Ulikuwa wazi kabisa. Wazi! Ulikuwa unaogopa nini?"

"Nipatie hilo begi," nikamwambia.

Aliniangalia kama nimerukwa na akili. Kisha akageuza kichwa kuelekea ua, na nikaona uso wake ukibadilika polepole. Alilichukua begi akakimbia nalo mwenyewe.

Sasa sikieni. Yule msichana hakuja mbio. Jua lilizama mapumziko yakiwa yanaendelea, tukaliona sote, na yeye akabaki kwenye jiwe lake ameinamisha kichwa, akiifunga Sabato kwa wimbo na maombi kama wafanyavyo kwao. Wairimu alisimama kando yake, begi kifuani, akingoja. Na Wairimu mnamjua. Refa alitazama anga akasema tusipoanza sasa giza litamzuia kuona ringi. Tukaanza wanne wetu wa kawaida na msichana mmoja wa benchi. Ruiru wakafunga mara moja, wakafunga tena. Nilikuwa nimeikabidhi timu nzima kwa mtu ambaye alikuwa bado anaimba.

Alipotokea mlangoni na jezi yake, kila mtu alianza kunong'ona. Aliingia mpira ulipotoka nje. Mara ya kwanza nilipompa mpira alitupa, na haukugusa hata ringi. Tangu Ijumaa hakuwa amegusa mpira, na mikono ilikuwa ya baridi. Ruiru wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Kemu," nikamwita tukirudi nyuma.

"Nipee tena," akasema.

Nikampa tena. Ukaingia. Mabeki wakamfuata, na katikati kukawa wazi, nikaingia mimi na kufunga. Wakarudi katikati, nikampa yeye. Sasa nilikuwa nakimbia. Nilikimbia kwa miguu yote niliyokuwa nimeibana tangu alasiri, na hakukuwa na mtu wa kunishika. Mpira wa mwisho aliupiga giza likiwa limeanza kuingia kiasi kwamba wengi wetu hatukuona ukiingia, tulisikia tu wavu. Refa akainua vidole vitatu, naye mtu wa mezani akasimama: muda umekwisha.

Timu ikabaki ligini, na ruhusa zetu zikabaki. Ninyi mnafanya mazoezi jioni kwa sababu hiyo. Barasa sasa anafuga ng'ombe wake huko Murera na bado hunipigia simu kuuliza kama ile thrii ingeingia. Humwambia ingeingia. Yeye husema isingeingia. Hatujawahi kukubaliana.

Mnaniuliza pointi gadi ana wajibu gani mwishoni mwa mchezo. Wengi watawaambia ni kutafuta mtupo mzuri zaidi. Mimi nilikuwa nao mkononi nikaukataa, na kama kile kikapu changu cha kusawazisha kingekataa kuingia, leo mngenitaja kwa kucheka, kama angekuwepo mtu wa kunitaja. Nawaambia tu kwamba mtakuwa peke yenu pale, na hamtaweza kueleza wakati huo, kwa sababu hakuna muda na hakuna anayesikiliza.

Jioni ile, wakati tunakusanya vitu, Kemunto alikuja akakaa karibu nami kunisaidia kubandua utepe niliofungia goti. Nikamuuliza kama huko nje alikuwa akituombea tushinde.

"Hapana," akasema. "Sikujua hata tuko pointi ngapi. Niliomba tu nisigeuke."

"Ilikuwa ngumu?"

"Siku nzima haikuwa ngumu. Ni mwisho." Alikuwa akivuta utepe taratibu ili usinichubue ngozi. "Niliwasikia wakikutukana, nikajua unaningoja."

Nikainama nikajifanya natafuta soksi.